Mtu Anayekula na Mgonjwa

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo haikuwahi kufika kwenye nyumba ya marehemu Fadimula, pale Koboko, mpakani kaskazini mwa Uganda. Jumamosi ile mgonjwa aliulizwa uji, akaulizwa dini, nusura aulizwe sanda. Na alipofika mlangoni, kabla hajavua viatu, aliwakuta ndugu zake wamekaa mkekani wanamsomea Yasini.

Jamilah alisimama kizingitini akasikiliza. Aliyeongoza ni kaka yake mkubwa, Hamuza, kwa ile sauti yake ya matangani. Walipofika mwisho wa dua, Jamilah ndiye aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mutu amekufa," Hamuza akajibu bila kumtazama. "Tumesikia unaenda kukatwa. Tumesoma mbele."

"Basi mutu mwenyewe amefika. Mumuulize yeye, mumuache Mungu apumzike kidogo."

Alijua ataulizwa, na bado alikuwa amekuja kutoka Arua. Jamilah alikuwa na miaka arobaini, mjane wa Zubeiri, fundi cherehani wa mtaa wa Ediofe. Watoto wengi wa shule za misheni za pale huvaa sare zilizotoka mikononi mwake, na masista hawajawahi kumrudishia hata sketi moja. Mwili wake ulikuwa mkubwa, na hapa hakuna haja ya kupakapaka maneno: mizani ya zahanati ilisoma kilo mia moja arobaini na saba, muuguzi akaisoma mara mbili kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Sukari alikuwa nayo mwaka wa sita. Magoti yalimlazimisha kufunga mota kwenye cherehani kwa sababu pedali ilimshinda. Dawa alimeza, asubuhi alitembea, mkate aliacha, mwili ukabaki palepale.

Sasa hospitali moja ya Kampala ilikuwa imempa siku. Alhamisi wangemtoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, ibaki sehemu nyembamba isiyozidi ndizi moja. Lakini walikuwa na sharti. Jumanne ilimpasa aje na mtu wa familia yake, yule anayekula naye, afundishwe namna ya kumlisha, pamoja na karatasi ya ridhaa ambayo mtu huyo amekwisha kuitia saini; karatasi yenyewe Jamilah alikuwa nayo mkobani. Wagonjwa wengine walipasuliwa vizuri, wakarudi nyumbani, shangazi wakawashindilia ugali kwa huruma, mishono ikafumuka. Bila mtu huyo, kitanda kingepewa mwingine, na yeye angesubiri mwaka. Daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya kwamba figo zake hazina mwaka wa kusubiri.

Kwa hiyo alihitaji mtu mmoja tu. Na waliokuwepo pale ni wanne: Hamuza, mdogo wao Muzamili, Shangazi Shamirah dada wa marehemu baba yao, na Mama Fatumah mwenyewe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni na mikono mapajani. Emilia, rafiki wa Jamilah aliyemleta kwa pikapu, mfanyabiashara mwenye asili ya Kajo-Keji ng'ambo ya mpaka anayeuza jirani na duka lake huko Arua, alikuwa amemshusha akaenda kijiji cha Ludara kuchukua muhogo.

Jamilah alivuta kiti cha plastiki, akakikagua miguu, akaketi. Shangazi ndiye aliyefungua.

"Hiyo kipande ya tumbo wanakata," Shangazi akasema, "wanapeleka wapi?"

"Sijui, Shangazi. Wanachoma, nafikiri."

"Wanachoma. Mwili ya Muislamu. Kesho kiyama utasimama mbele ya Mungu na nusu tumbo?"

"Kaka Hamuza atasimama na vidole tisa."

Muzamili alicheka, akajifanya anakohoa. Hamuza alificha mkono wake wa kushoto chini ya kanzu, ule uliotafunwa na mashine ya kusaga unga alipokuwa kijana.

"Hiyo kidole tulizika," Shangazi akasema kwa heshima. "Iko nyuma ya choo ya zamani. Baba yako alitia udi."

"Basi na mimi nitaomba wanipe tumbo yangu kwa ndoo. Tuzike hapo, kidole ipate jirani."

Shangazi akavuta mtandio wake na kuomba msamaha kwa Mungu kwa niaba ya watu wasiohusika. Ikawa zamu ya Hamuza. Hamuza ni msaidizi wa imamu, na akiwa na hoja huiweka mezani polepole, kama fundi anayetandaza kitambaa cha bei.

"Mimi sina neno na dawa," akasema. "Mungu ameleta ugonjwa, ameleta dawa. Lakini hii si dawa. Hii ni kubadilisha maumbile. Mungu amekuumba hivi. Wewe nani useme amekosea?"

Swali hilo Jamilah alilitarajia, na jibu lake alikuwa amelala nalo wiki nzima. Hata hivyo lilipotoka lilitoka na moto ambao hakuupanga.

"Kaka, unajua ni lini mimi nimeweka paji la uso chini mara ya mwisho? Ramadhani ya mwaka Zubeiri amekufa. Miaka nne. Naswali kwenye kiti, nyuma kabisa, na wazee wa miaka themanini. Nyinyi wote munashuka, mimi naangalia migongo yenu. Nainamisha kichwa kama mutu anasinzia. Unasema Mungu ameniumba hivi. Mungu ameniumba na magoti ya kusujudu. Nayataka."

Hamuza aliinamia mkeka, akaanza kunyoosha pindo lake.  Jamilah aliona neno limemgusa, naye hakumpa nafasi ya kupumua.

"Swali ingine," akasema.

"Watu watasema," Shangazi akarudi. Hapo ndipo alipokuwa akielekea tangu mwanzo. "Bwana yako amekufa, kijana, ghafula. Sasa wewe mjane unaanza kukonda, nguo zinaanguka. Koboko hii unaijua. Watasema ni ule ugonjwa. Watasema Zubeiri amekuachia."

"Zubeiri aligongwa na lori, Shangazi. Lori haiambukizi."

"Mimi najua. Wao je? Lisemwalo lipo, ndivyo wanavyosema. Sisi tutaficha uso wapi?" Akainamia mbele, sauti ikawa ya siri ingawa nyumba nzima ilikuwa inasikia. "Kama lazima uende, tuseme ni mshipa, ile ngiri ya tumbo. Watu wengi wanapasuliwa mshipa. Hakuna aibu."

"Mimi sina mshipa."

"Nani atakufunua aangalie?"

"Sitasema mshipa. Miaka yote hii watu wananiita Lori ya Juba, mbele yangu, mukiwa hapo, na hakuna aliyeficha uso. Nikinenepa nacheka nao. Nikikonda niseme uongo? Nitasema nimekatwa tumbo, na nimetaka mwenyewe."

Muzamili ndiye aliyekuwa mpole kati yao. Ni dereva wa malori ya Juba kweli, na neno lile lilimchoma, kwa kuwa utani ulianzia kwa wenzake. Alikuna kidevu akatafuta njia ya kuwa upande wa kila mtu.

"Mimi nauliza tu, dada. Si ungefunga mdomo? Mimi niliacha soda, tumbo ikaisha. Miezi miwili tu."

"Sawasawa," Shangazi akadaka. "Kufunga mdomo. Dawa ya bure. Mutoto amependa kula tangu mudogo, sasa anataka kisu imfanyie kazi ya roho yake."

"Roho iwe na nguvu," Hamuza akaongeza, akishukuru kurudishwa kwenye mada.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hao watatu walikuwa wanamweleza Jamilah kunguni wa kitanda chake mmoja mmoja. Aliwaacha wamalize. Alichokiogopa si maneno yao. Alikuwa anamtazama mama yake, ambaye tangu Yasini iishe hakuwa ameuliza hata swali moja, na Mama Fatumah si mwanamke wa kukosa la kusema. Alipoona anatazamwa, mama aliinuka.

"Kwanza mule," akasema.

Alikuwa amepika tangu alfajiri. Gurusa, zile chapati laini zilizokunjwa kama leso, mchuzi wa bamia wenye nyama iliyokaushwa, pilau, na kuku wawili wa nyumbani. Sinia moja ikapelekwa upande wa wanaume, nyingine ikawekwa kwenye meza fupi kati ya wanawake watatu. Walinawa, wakala kimya, kila mmoja upande wake wa sinia, na mama akawa anamega nyama akiwasogezea wenzake kama desturi. Jamilah alikula kiasi. Alikuwa amekwisha kuanza mazoezi ya kutafuna mara ishirini, akihesabu moyoni.

Wanaume walipomaliza, Muzamili alileta sinia yao, imebaki pilau ya kutosha na paja la kuku, akaiweka chini mbele ya dada yake. Hakufikiri. Shangazi naye akakusanya kwa kipande cha gurusa yote yaliyobaki ya upande wao, akayamimina juu ya yale ya wanaume, akasawazisha vizuri, akausukuma mzigo mzima hadi miguuni pa Jamilah.

"Malizia, mutoto yangu. Baraka iko chini ya sahani."

Jamilah alitazama sinia. Kisha alianza kucheka, cheko la chini lililomtikisa kiti na yeye mwenyewe, mpaka Hamuza akatoka upande wa pili kuja kuona kuna nini.

"Rudia, Shangazi," akasema. "Ulivyosema saa ile. Nifunge nini?"

Shangazi hakuelewa. Ndipo Muzamili akaelewa, akatazama mikono yake iliyoleta sinia.

"Nyumba hii," Jamilah akasema, na cheko lilikuwa limekwisha, "hakuna siku chakula imemwagwa. Hata siku moja. Nani alikuwa anamaliza? Sinia ya Baba, sinia ya wageni, sinia ya matanga, sinia ya Idi. Ninyi mulikuwa munanawa, munaenda kukaa kwenye upepo. Mimi nilikuwa nabaki na baraka. Nikiwa na miaka sita nilikuwa namaliza sinia ya wanaume wanne. Nikisema tumbo inauma, munasema ni dhambi kutupa. Nimebeba baraka ya nyumba nzima kwenye magoti haya, halafu munaniambia nimependa kula."

Aliinama kitini, akasukuma sinia kwa kiganja. Ilikwaruza sakafu hadi miguuni mwa Hamuza.

"Kaka. Baraka hiyo. Malizia."

"Mimi nimeshiba," Hamuza akasema.

"Kumbe mutu anaweza kusema hivyo."

Hamuza uso ulibadilika. Alikuwa amekosewa heshima mbele ya wanawake, na kibaya zaidi alijua kwamba aliyoambiwa ni kweli. Mtu wa aina hiyo hutafuta sheria ya kujificha nyuma yake, na yeye aliipata.

"Mimi ni mkubwa wa nyumba hii," akasema. "Mukono yangu siweki kwenye karatasi hiyo. Ukifa mezani, damu isiwe kwangu. Na sitaki mutu mwingine wa Fadimula aweke."

"Hata mimi siendi," Shangazi akasema haraka.

Muzamili alisema angekwenda, wallahi angekwenda, lakini Jumatatu lori linapakia. Alisema hayo akitazama ukuta.

Basi. Wanne walikuwa wamebaki mmoja, na mmoja huyo alikuwa anapangusa mikono kwa kanga bila kuinua macho. Jamilah hakumngoja.  Aliweka mikono miwili juu ya magoti, akajisukuma, akasimama alipojaribu mara ya pili.

"Emilia ataenda na mimi," akasema. "Hospitali wanauliza mutu anayekula na mgonjwa. Emilia anakula na mimi kila mchana pale dukani, miaka mitatu. Anajua sukari yangu ikishuka kabla mimi sijajua. Wakisema si familia, nitawaambia familia nimeacha Koboko inalinda pilau. Wakinifukuza nitakaa kwenye ngazi yao mpaka wachoke kuniruka. Lakini kurudi kwenye hiyo sinia, sirudi."

"Keti," Mama Fatumah akasema.

"Mama, Emilia yuko karibu kufika."

"Emilia atangoja. Keti."

Akaketi. Mama alikuja, akavuta kigoda, akakaa mbele yake goti kwa goti. Aliongea taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani bila kutaka kukanyaga kingine.

"Dada yako Aziza unajua?"

Jamilah alijua jina tu. Alijua kwamba vita ilipokuja baada ya serikali ya Amin kuanguka, wazazi wake walikimbilia Sudani kwa miguu, na kwamba kati ya Hamuza na yeye palikuwa na msichana aliyebaki njiani. Zaidi ya hapo hakuna aliyesimulia.

"Alikuwa na mwaka moja na nusu," mama akasema. "Tulikaa msituni upande ya Kaya, pale mpakani, maziwa yangu ikakauka. Mutu alitupa unga kidogo. Nilikuwa napika uji kwenye kopo, nampa na kijiko. Siku ya mwisho nimembeba, sikusikia kama kuna kitu mgongoni. Kuku iko mzito kuliko yeye. Nilitembea naye amekufa, sijui. Hamuza ndiye aliniambia."

Hamuza aliketi chini pale alipokuwa, kwenye sakafu, kando ya sinia.

"Wewe ukazaliwa," mama akaendelea. "Nikasema huyu kifo haitamchukua akiwa mwepesi. Kila sahani nilikusukumia wewe. Shangazi yako amefuata mimi tu. Usimlaumu. Ni mimi."

Jamilah alitaka kulia na alitaka kupiga kelele, na yote mawili yalikuwa na haki. Alimpenda mama yake. Alimkasirikia pia, hasira nzito iliyofika miaka arobaini baadaye na kumkuta aliyesababisha ni mwanamke mzee aliyekaa kwenye kigoda.

"Mama," akasema, "umenilisha chakula ya mutu mwingine. Mimi si Aziza. Aziza alikufa na njaa, mimi nakufa na shibe. Ukinipenda kwa njia ile ile, utatuzika wote wawili."

Hakuna aliyesema astaghafiru. 

 Ndipo mama akauliza swali lake la kwanza juu ya upasuaji.

"Hao daktari. Ukitoka kupasuliwa, wanataka nikupe nini?"

"Supu ya maji maji. Haina nyama."

"Kiasi gani?"

"Mwanzo kijiko mbili, polepole. Baada ya muda, kijiko mbili tena."

Mkono wa mama ulikwenda mdomoni. "Mbili," akasema. "Aziza siku ya mwisho alikunywa mbili."

"Najua itakuwa ngumu. Kama huwezi, usije. Sitakulaumu."

"Nimesema siwezi?" Mama Fatumah alishusha mkono. Macho yalikuwa yamelowa, na sauti imeanza kurudi kuwa ile ambayo Koboko yote inaijua. "Nitakuja. Nitapima mimi mwenyewe, mbele ya huyo daktari, na kama anapunguza hata tone tutajuana. Lete karatasi. Hamuza, acha kukaa hapo kama gunia. Tafuta kalamu, unionyeshe mahali pa kidole."

"Mama, mimi nimesema..."

"Umesema mkubwa wa nyumba. Nimesikia. Mkubwa wa nyumba, huyu ulimzaa wewe?"

Hamuza alitafuta kalamu. Hapakuwa na wino wa muhuri, kwa hiyo yeye mwenyewe, kwa vidole vyake tisa, alimpaka mama wino wa kalamu hiyo kwenye dole gumba, taratibu, kama anamsafisha kidonda, akamwongoza hadi kwenye mstari. Ilikuwa saini ya Mama Fatumah, si ya Hamuza. Ila mkono ulioshika dole lile ulikuwa wake.

"Na watu tutawaambia nini?" Shangazi akauliza. Alikuwa mwanamke wa kushindwa polepole.

"Waambie mutoto ya Fatumah iko nakonda kwa sababu ametaka. Waambie mama yake ndiye anampimia. Mwenye swali aje kwangu."

Honi ya pikapu ililia nje. Mama aliinuka, akapangusa kidole kwenye kanga, akaanza kutoa amri za safari: sweta ya Kampala, msala, chupa ya chai. Katikati ya amri hizo jicho lake lilianguka kwenye sinia pale sakafuni. Mkono ukaenda wenyewe, ukaiinua, ukaisogeza mbele ya bintiye kama ulivyofanya siku zote.

"Haya, malizia hii haraka, mwenzako anangoja."

Wote walimgeukia. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichosema.

"Nimeshiba, Mama," Jamilah akasema.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake ndani ya nyumba ile. Mama alibaki ameshika sinia kwa mikono miwili, akimwangalia, na midomo ikicheza kana kwamba anataka kubisha. Kisha aliiweka chini, akaenda jikoni kuleta kawa, akaifunika.